Mtoto amezidi uzito: chakula cha shule na michezo, hatua kwa hatua

Kila shule ikifunguliwa nafuatwa na wazazi kwa swali lile lile. Wanasubiri wenzao watawanyike getini, halafu wananiambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu wangu amenenepa mno. Nimpunguzie wali?" Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, na mbali ya darasa nasimamia chakula cha wanafunzi na kipindi cha michezo. Kwa hiyo nimelijibu mara nyingi, na leo naliandika ili nikiulizwa tena niwe na cha kumpa mtu akasome nyumbani.

Jibu fupi ni hili: usimwache na njaa. Mtoto wa miaka 10 bado anarefuka. Mtu mzima aliyenenepa hana pa kwenda ila kupunguza kilo, lakini mtoto ana urefu ambao bado haujafika. Kwa watoto wengi inatosha kilo zisimame zilipo, au zipande polepole, huku yeye akiendelea kurefuka. Urefu utazikuta. Hatua zote zilizopo hapa chini zinafanya kazi hiyo moja.

Nimeandika kwa ajili ya mtoto wa miaka 6 hadi 12 ambaye ni mzima kwa mengine yote. Dalili za kumpeleka hospitali nimeziweka karibu na mwisho. Zisome kabla hujaanza.

Uwe na vitu hivi

- Futi ya fundi cherehani na penseli.
- Mizani. Kama huna, ya zahanati inatosha.
- Daftari dogo.
- Chombo cha chakula chenye kifuniko kinachobana. Hotipoti ndogo ni bora zaidi.
- Chupa ya maji ya lita moja hivi, ya mtoto peke yake.
- Kamba ya kurukia na mpira. Wa makaratasi unafaa.
- Makubaliano ya watu wazima wote wa nyumbani. Hili ndilo gumu kuliko yote, na bila hilo chombo kitaandaliwa vizuri asubuhi, kisha jioni bibi ataongeza sahani ya pili.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Macho yetu yanatudanganya pande zote mbili. Huku pwani mtoto mnene husifiwa kwamba amenawiri, na mtoto mwembamba mwenye afya zake huambiwa hali chakula. Msimamishe bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho mbele. Weka kitabu kigumu kichwani kikiwa sambamba na sakafu, piga mstari chini yake, pima. Uzito upime akiwa na nguo nyepesi.

Sasa gawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chukua mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 38 na urefu wa mita 1.38. 1.38 mara 1.38 ni 1.90. 38 gawa kwa 1.90 ni 20.

Linganisha na vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Namba ya kwanza ni pale uzito unapoanza kuzidi, ya pili ni pale unapoitwa unene uliokithiri:

- Miaka 8: wavulana 17.4 na 19.7, wasichana 17.7 na 20.6.
- Miaka 10: wavulana 18.5 na 21.4, wasichana 19.0 na 22.6.
- Miaka 12: wavulana 19.9 na 23.6, wasichana 20.8 na 25.0.

Mvulana wetu mwenye 20 amepita mstari wa kwanza na hajafika wa pili. Kwa umri mwingine, mwombe mhudumu wa zahanati akuonyeshe chati ya umri na jinsia ya mtoto.

Angalizo: usitumie vipimo vya watu wazima, vile vya 25 na 30. Kwa vipimo hivyo mvulana wetu angeonekana yuko sawa kabisa, na mzazi angerudi nyumbani ametulia bure.

Hatua ya 2: Andika anachokula kwa siku tatu

Siku mbili za shule na moja ya mapumziko. Andika kila kinachoingia mdomoni, na usibadilishe chochote bado. La muhimu ni vile vya getini: barafu, ubuyu, kachori, chipsi, mihogo ya kukaanga, pipi, soda. Muulize kwa upole, kama unayetaka kujua utamu wake, naye atakuambia. Ukimhoji kama askari atakuficha, na kuanzia hapo daftari lako litakuwa la uongo.

Wazazi wengi wakimaliza siku tatu hizo wanakuta wali wa nyumbani si mkosaji mkubwa waliyemdhania. Mkosaji yuko kwenye chupa.

Hatua ya 3: Anza na kinywaji

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Kaa na mtoto mezani. Weka glasi tupu, bakuli la sukari na kijiko cha chai. Mwambie achote vijiko tisa vilivyosawazishwa, ahesabu mwenyewe, amimine kwenye glasi. Hiyo ndiyo sukari iliyomo kwenye chupa moja ya soda ya mililita 350, gramu 37 hivi. Nimefanya hivi darasani. Kufika kijiko cha sita watoto wananyamaza, na kuna binti aliyeniuliza kama nimekosea kuhesabu. Hakuna maneno yangu yaliyowahi kufanya kazi kama glasi ile.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima. Kwa mtoto anayekula kalori 1,600 hiyo ni gramu 40. Soda moja karibu imeimaliza, na chai ya asubuhi hujaihesabu.

Fanya hivi:

1. Wiki ya kwanza, soda na juisi za boksi zitoke kwenye siku za shule. Abaki na maji aliyotoka nayo nyumbani, yaliyochemshwa na kupoa.
2. Wiki ya pili, punguza sukari kwenye chai nusu kijiko. Wiki inayofuata nusu nyingine. Ulimi unazoea polepole. Ukikata vijiko vitatu kwa siku moja atasusa chai.
3. Maziwa mpe meupe au mtindi usiotiwa sukari. Mkoa wetu una ng'ombe wa maziwa wengi, kwa hiyo maziwa yapo mtaani.
4. Ukwaju na mabungo ni vizuri, ila mwenye kutia sukari uwe wewe na siyo muuzaji. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, lakini si maji, mpe mara moja moja.

Juisi ya matunda halisi nayo isimwagwe kama maji. Machungwa manne ya Muheza yakikamuliwa yanakwisha kwa mikupuo mitatu, lakini kuyala manne mfululizo mtoto hawezi. Mpe chungwa lenyewe.

Hatua ya 4: Panga chombo cha mchana

Kigawe chombo kwa macho. Nusu mboga na tunda. Nusu iliyobaki igawane wanga na maharage, mbaazi, samaki, dagaa, yai au nyama. Mtoto aliyezoea chombo kizima cha wali usimshtue: wiki ya kwanza wali uwe nusu, kisha ushuke mpaka robo huku mboga ikipanda. Robo hiyo ipakie vizuri, na maharage yawe ya kutosha, maana ndiyo yanayomshibisha mpaka saa ya kutoka.

Wiki moja inaweza kwenda hivi:

- Jumatatu: wali, mbaazi, mchicha, chungwa.
- Jumanne: viazi vitamu vya kuchemsha, samaki wa kuchoma aliyetolewa miiba, kachumbari kwenye kikopo chake, ndizi mbivu.
- Jumatano: makande yaliyochanganywa karoti na kabichi, kipande cha papai.
- Alhamisi: chapati moja iliyopikwa kwa mafuta kidogo, maharage, kabichi, embe kama ni msimu wake.
- Ijumaa: muhogo wa kuchemsha, yai, nyanya na tango. Wengi hutoka mapema kwa ajili ya swala, kwa hiyo chombo kidogo kinatosha.

Sasa nazi, maana siwezi kuandika juu ya chakula cha Tanga nikairuka. Sikuambii uiache. Ukishakuna, kamua kasimile, yaani tui la kwanza lililo zito, uliweke pembeni. Ongeza maji, kamua tui la pili, na hilo ndilo la kupikia wali au mboga. Chakula kikikaribia kuiva tia vijiko viwili vya kasimile juu. Harufu inabaki, ladha inabaki, na mafuta mengi yamebaki kwenye bakuli. Mafuta ya kupikia nayo yapime kwa kijiko cha chakula badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja kina kalori 120 hivi, na mkono unaomimina huwa haujui umemimina vijiko vingapi.

Angalizo la joto: chakula kilichofungwa saa 12 asubuhi kikaliwa saa 7 mchana kinaweza kuchacha, na chenye nazi ndicho cha kwanza. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kama una hotipoti, ijaze maji yanayochemka kwa dakika kumi, yamwage, kisha pakia chakula kikiwa moto wa kufuka mvuke na ufunge papo hapo. Kama huna, mfungie vya kuhimili: karanga na tunda lisilomenywa; kiazi, muhogo na yai ale nyumbani. Wali wa nazi ule jioni mkiwa wote.

Kosa la kawaida: kumnyima kifungua kinywa ili "kufidia". Mtoto aliyekuja na njaa anamaliza pesa yote kwenye kachori saa nne. Mpe uji au chai na kiazi kabla hajatoka.

Hatua ya 5: Pesa ya matumizi

Ipunguze, na umwambie sababu. Mtoto anayebeba chakula, maji na tunda hahitaji noti kila siku. Baadhi ya wazazi wangu wamechagua siku moja kwa wiki ya kununua anachotaka, bila kuulizwa. Naipenda njia hiyo, kwa sababu mtoto anajifunza kuchagua na hatafuti njia za kujificha.

Hatua ya 6: Kama shule inapika

Nenda kwenye mkutano wa wazazi ukiwa na mambo matatu tu, yote ya bei ndogo: mboga za majani kwenye makande au ugali wa maharage, sukari ipunguzwe kwenye uji, na maji ya kunywa yawepo wakati wa chakula. Usiombe "chakula bora" kwa jumla, utaitikiwa na halitafanyika. Mboga ikidaiwa ni ghali, pendekeza matuta ya mchicha nyuma ya madarasa. Mchicha unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa.

Na usidai mwanao apikiwe tofauti. Darasa hilo hilo lina watoto waliokonda. Mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Sahani yenye mboga, maharage na tunda inamfaa aliyezidi na aliyepungua. Mezani wale pamoja.

Hatua ya 7: Mrudishie dakika 60 za mwendo

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kumtoa jasho au kumfanya ahemee. Si lazima zifuatane. Kwa mtoto wa hapa mjini naona zinapatikana hivi: dakika 15 kwenda shule kwa mguu wa haraka, 15 kurudi, 15 za mapumziko, na 20 za jioni. Zimeshapita 60.

Mji wetu ni tambarare na ni mji wa baiskeli, lakini asubuhi naona bodaboda moja imebeba watoto watatu kutoka mtaa ambao getini kwetu unauona. Kama shule haiko mbali, wazazi wa mtaa mmoja wapange zamu: mtu mzima mmoja awatembeze watoto sita au saba, awavushe barabara kubwa. Kama ni mbali, ashushwe robo tatu ya njia, mahali salama, amalizie na wenzake.

Jioni ina tatizo lake. Wengi wakitoka shule wanaingia madrasa, na wakitoka huko jua linakaribia kuzama. Linda zile dakika ishirini kabla ya magharibi kama unavyolinda kula. Foliti, kombolela, kuruka kamba, chandimu, chochote. Binti naye apewe dakika zake, asiishie kuosha vyombo wakati kaka yake yuko uwanjani; mvalishe suruali chini ya sketi acheze kwa nafasi. Siku za mapumziko kuna bahari: Raskazone mnakwenda na mtu mzima anayejua kuogelea, na anakaa karibu nao majini.

Nizungumze kidogo na walimu wenzangu. Kwenye kila kipindi cha michezo kuna mtoto anayeshika ndala za wenzake. Amesimama pembeni ya uwanja na jozi saba mikononi, anatabasamu, na mara nyingi ni yule mnene. Tunachagua timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, yeye hamo, na hakuna anayemwuliza. Nilibadilisha kitu kimoja kwenye rede: aliyepigwa mpira hatoki, anaruka kamba mara kumi pembeni kisha anarudi ndani. Mtoto aliyekuwa anapigwa wa kwanza sasa ndiye anayetembea na kuruka kuliko wote. Ndala ziwekwe chini ya mwembe, zitajilinda.

Angalizo: usiufanye mwendo kuwa adhabu. Kumzungusha uwanja mara tano kwa sababu amekula andazi kunamfundisha kuchukia vyote viwili.

Hatua ya 8: Usingizi na simu

Mtoto wa umri huu anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Simu na televisheni zizimwe saa moja kabla ya kulala, na asile akiwa anazitazama.

Hatua ya 9: Pima tena baada ya miezi mitatu

Si kila wiki. Uzito unacheza kwa maji tu aliyokunywa, na mtoto anayepandishwa mizani kila Jumamosi ataanza kuiogopa.

Turudi kwa mvulana wetu wa kilo 38. Tuseme baada ya mwaka amefika mita 1.44 na kilo ni zile zile 38. 38 gawa kwa 2.07 ni 18.4. Mstari wa mvulana wa miaka 11 ni 19.2. Ametoka kwenye uzito uliozidi bila kupungua hata kilo moja.

Mpeleke kwa mtaalamu kama

- namba yake imepita mstari wa pili;
- anakoroma sana au anakatwa pumzi usingizini;
- ngozi ya shingoni au kwapani imekuwa nyeusi na nene kama mahameli;
- anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida;
- anachechemea au analalamikia nyonga na magoti;
- amenenepa lakini harefuki kama wenzake.

Anza zahanati au kituo cha afya. Ikibidi watakupa rufaa hadi Bombo, hospitali ya mkoa. Chai za kupunguza mwili na vidonge vya mtandaoni usimpe mtoto hata mara moja.

Mambo yakikwama

*Anarudi na mboga zote.* Zikate ndogo uzipike ndani ya maharage au makande, na umpe mboga moja anayoipenda kwa wiki nzima. Usimlazimishe kumaliza. Mtoto anaweza kukataa kitu mara kumi, ya kumi na moja akala.

*Bibi anaongeza sahani.* Usimgombeze mbele ya mtoto. Mwendee peke yake: "Shikamoo mama. Mjukuu wako tumempima, uzito umempita kidogo. Naomba unisaidie, wewe ndiye anayekusikiliza." Kisha mpe kazi: yeye ndiye wa kumenya tunda la jioni. Bibi mmoja wa Makorora aliyepewa kazi hiyo sasa ananiletea taarifa getini kuliko mama mwenyewe.

*Wenzake wanamwita "bonge".* Mwambie mwalimu wa darasa siku hiyo hiyo. Na nyumbani jina hilo life kabisa, hata kwa mapenzi. Mtoto anayeona haya mwili wake hajitokezi uwanjani.

*Ramadhani imeingia.* Futari yetu ni magimbi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, kalimati na sharubati, vyote mezani kwa pamoja. Afuturu kwa tende na maji, kisha uji usio na sukari nyingi. Achague kimoja kati ya vile vitamu, kesho achague kingine. Mchezo uhamie nusu saa baada ya kufuturu.

*Miezi mitatu imepita na uzito umepanda.* Pima urefu kwanza kabla hujahuzunika, huenda amerefuka. Kama namba imepanda kweli, rudia daftari la siku tatu. Mara nyingi utakuta kinywaji kimerudi, au safari ya kwenda shule imekuwa ya bajaji tangu mvua za masika. Sahihisha hicho kimoja tu, na piga mstari mwingine ukutani, karibu na ule wa kwanza, uandike tarehe.